Kisima Ulichokifunga kwa Neno Langu

Koko wangu, bibi yangu mpenzi wa Mutsamudu,

Leo asubuhi nimekiinua kifuniko cha kisima chako. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, lakini wanawake wa mtaa wamekutangulia kwa vigelegele.

Unaikumbuka likizo yangu ya kwanza kwako? Mimi mtoto wa Moroni, kusiko na mto, tunakokunywa mvua iliyowekwa birikani, nilioga kwa kopo moja huku mto ukipita nyuma ya nyumba. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Oga, mwanangu, hapa maji hayaombwi ruhusa!" Tangu siku hiyo ukaniita Wa Moroni, na mimi nikajidai kuchukia.

Kisima ndicho kilikuwa fahari yako. Alichimbiwa bibi yako pale uani, na nyumba ikashuka kutoka kwa mama hadi binti kama ilivyo desturi yetu, pamoja na maji yake. Harusi, maulidi, misiba, watu walichota kwako. Ndiyo maana ulipokuja Moroni ukawaona samaki wadogo katika birika la msikiti wakila viluwiluwi vya mbu, hukutulia mpaka umewapata wa kutia kisimani mwako. "Maji yenye samaki ni maji mazima," ulisema.

Uwanja wa ndege siusahau. Enzi zile mamluki wa kizungu walipovishika visiwa vyetu vya Komoro, hata kukohoa mbele yao mtu alifikiria kwanza. Yule mzungu mwenye sare nyeusi akachukua chupa yako ya jemu yenye samaki, akaitikisa. Ukampokonya. "Usiwatikise! Hawajawahi kupanda ndege!" Foleni nzima ikarudi nyuma hatua. Akaniuliza kwa Kifaransa umesema nini. Nikamwambia unamtakia afya njema. Tulipokuwa angani tukacheka, chupa ukiwa umeikumbatia kifuani.

Kisha nikapata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea maji safi na maji taka. Wajomba wakasema ni aibu, msichana kusomea vyoo. "Kwani nyinyi hamwendi?" ukawauliza, ukaendelea kunifungia mikate ya safari.

Niliporudi likizo, mdogo wangu Nuru, uliyekuwa ukimlea, alikuwa anaharisha tena, macho yameingia ndani. Nilipima maji ya kisima kwa vifaa nilivyoazima chuoni. Shimo la choo la nyumba ya jirani, ile ya juu mlimani, lilikuwa linavujia kwako chini kwa chini. Nilikaa kwenye ngazi nikitafuta namna ya kukuambia, maana nilijua nakugusa pale penye heshima yako.

"Samaki wangu wazima," ulisema nilipokwisha kukueleza.

"Samaki wanakula mbu, Koko. Kinyesi hawakiwezi."

Ulimtazama Nuru tu. Kesho yake nikakuta umekifunika kisima kwa ubao na mawe, samaki umewapeleka kwenye birika la msikiti wa mtaa wako, na unawaambia waliokuja na ndoo: "Kimefungwa. Atakifungua mjukuu wangu, si mtu mwingine." Hakuna aliyewahi kuniamini hivyo. Hata mimi sikuwa najiamini kiasi hicho.

Nuru alipona. Wewe ukafariki nikiwa masomoni. Waliniambia kwamba siku zako za mwisho ulitamani maji ya kisima chako, jirani akataka kuusogeza ubao akuletee kidogo, ukakataa. "Bado hajasema." Maneno hayo yananiuma mpaka leo, Koko. Ningekuwapo ningekuchemshia hata kikombe kimoja.

Sasa nimerudi, na mamluki wameondoka. Nyumba ya juu tumeijengea tangi la zege lisilovuja, shimo lao la zamani tukalinyonya na kulifukia. Kisima tukakikausha, tukakisugua, tukatia klorini. Nikapima, nikasubiri masika yapite, nikapima tena. Ni maji safi, Koko. Nuru, ambaye sasa anakwenda shule na ana maneno kama wewe, amewaleta samaki kutoka msikitini ndani ya chupa ya jemu. Nimemwambia asiitikise.

Kikombe cha kwanza sikukinywa. Nilipanda nacho mpaka makaburini, nikakumwagia taratibu hapo ulipolala.

Nimesema, Koko. Kunywa.

Mjukuu wako,
Wa Moroni