Kinywaji Kisichoacha Machicha

Mwanangu Asajile,

Mtoto wako amezaliwa. Wa kiume, masikio ni yako yale yale. Nakuambia hilo kwanza usije ukahangaika huko uliko. Wasiwasi wangu unatutosha wote.

Tangu homa ikuchukue, mkeo Tupokigwe hakuwa akila vizuri. Amejifungua salama, lakini maziwa hayakutoka. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Ndipo yule bwana wako Mjerumani akamtuma mpishi na chupa ya kile kinywaji ulichokuwa ukimchanganyia barazani: wiski, na ile divai nyekundu yenye mizizi michungu. Eti mzazi anywe, apate nguvu. Shangazi yako akaikumbatia chupa. "Wazungu wanakunywa hiki, tazama mashavu yao!" Nikamwambia, "Wifi, mashavu yale ni siagi na kuku wetu."

Lakini niliogopa. Nikikosea, mjukuu anakwenda. Nikakumbuka maneno yako ulipokuja hapa nyumbani Ipyana mikono ikinuka kinywaji hicho: "Mama, ni utamu na moto tu. Ndani hamna kitu." Basi nikapima kwa namna yetu. Bakuli moja nikatia kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Jingine, cha bwana. Nikaviacha vitulie. Kimpumu kikaweka machicha mazito, chakula kabisa. Cha bwana, chini peupe! Sisimizi wakajaa ukingoni, kwa ile sukari. Tone nililotupia motoni likawaka. Ndaga, mwanangu. Asante. Ulijua.

Nikapika uji wa ulezi, nikatia maziwa ya ng'ombe. Nikachemsha samaki wa ziwani Matema, mchuzi mwingi. Tupokigwe akanywa huku jasho linamtoka. Kesho yake asubuhi nguo yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Aliyepiga vigelegele kuliko wote ni shangazi yako, hana haya yule.

Chupa nimekuletea hapa kaburini, migombani. Uliwamiminia wengine ukiwa umesimama, leo umemiminiwa wewe umelala. Wewe huhitaji tena kushiba. Mchungaji asijue tu.

Pumzika, baba. Mwanao huyu nimempa jina lako, na maadamu mkono wangu unaweza kukoroga uji, Asajile hatalala njaa.

Mama yako.