Sauti ya Shemeji kwenye Video ya Mamba

Mpendwa Shangazi Rachael, naomba unisaidie, mimi naosha kidimbwi cha mamba kwenye bustani moja ya burudani huku Theta, kazi niliyoingizwa na mume wa dada yangu, nitamwita Ouma, ambaye ndiye msimamizi wetu, na shule zikija kutembea tunaambiwa tutoe maji ili mamba wasipate pa kujificha, basi wanalala kwa simiti jua likiwachoma mpaka juzi jike mmoja akafa, nikashindwa kuvumilia nikarekodi kwa simu nikawapa watu wanaotengeneza makala ya video kuhusu mateso ya wanyama, kumbe sikuisikiliza vizuri, ndani yake Ouma anasikika akisema, "Wewe toa maji, wakizama wageni wataona nini?" na sauti yake mtaa wetu mzima wa Kimbo unaijua, huongoza nyimbo kanisani. Wenye makala wanasema bila maneno hayo hakuna ushahidi. Dada ana mtoto mchanga, na jana Ouma aliniletea unga akaniuliza, "Nekesa, mbona umenyamaza hivi, ama kuna mtu amekukosea?" Nikasema niko sawa. Wengine wananicheka ati nani huhurumia mamba. Niwaambie waifute?

Nekesa, Kimbo

Nekesa, pole mwanangu, halafu nikukemee kidogo. Kuwatetea hao mamba ulifanya vyema. Wanaocheka waache wacheke, mnyama si lazima apendeze ndipo ahurumiwe. Lakini kutoa video bila kuisikiliza ni uzembe, na kumwambia shemeji yako uko sawa huku umepokea unga wake ni uoga. Hapo umenikasirisha.

Usiifute. Aliyekufa amekufa, wenzake bado wako juani.

Mficha uchi hazai. Jumapili hii nenda kwa dada yako, mketi nyote watatu, umchezee Ouma video hiyo hadi mwisho. Atafoka, na wewe usimjibu. Akitulia, mwulize kama yuko tayari kuwaeleza wenye makala ni nani humpa hiyo amri ya kutoa maji. Akikubali atakuwa shahidi. Akikataa, angalau ulimpa nafasi. Huenda kazi ikawaponyoka nyote wawili, sikudanganyi, na dada yako anaweza kukununia muda mrefu. Hata hivyo nenda. Ouma akichukia, achukie akiwa amesikia kutoka kwako.