Wisteria ya Mama Ajit Chini ya Migomba

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla Oktoba haijafika, maana jambo hili nimelitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe na sioni pa kutokea. Miaka minne iliyopita rafiki yangu Savita, mama Ajit, ambaye nilikuwa nikishona nguo kwenye baraza la duka la mume wake pale Njoro, alihamia Uingereza akaniachia wisteria yake, ule mti mfupi wa kutambaa wenye maua ya zambarau yanayoning'inia kama vichala vya zabibu, ukiwa ndani ya debe, nami nikaupandisha na debe lake huku Kibosho nikaulea kama ninavyolea kahawa, kivulini mwa migomba, samadi kila masika, ukaota majani mengi ajabu lakini ua sikuliona hata moja. Krismasi ya kwanza Savita aliuliza habari za mti, nikaona aibu, nikamwandikia kwamba umechanua, na kila Krismasi nikaongeza vichala, naye akajibu, "Dada Flavia, mimi haukunichanulia hata mara moja, wewe una mkono wa baraka." Sasa anakuja Oktoba na anataka kupiga picha mbele ya maua, na Julai hii baridi ilipozidi kuliko miaka mingine mti ukapukutisha majani yote, umebaki vijiti, nadhani nimeuua. Mume wangu Sirili anasema, "Mwambie mbuzi wameula, mbuzi hawatabisha," lakini nimechoka kudanganya. Nifanye nini?

Flavia, Kibosho
Agosti 1976

Flavia,

Sidhani umeuua. Chukua kisu, kwaruza gamba la kijiti kimoja, upana wa ukucha tu. Ukiona kijani chini yake, mti umelala. Wisteria hupukutisha majani wakati wa baridi na huchipua joto linaporudi.

Nilimsomea barua yako Mzee Filemon, ambaye ametunza bustani za watu hapa Moshi kwa miaka ishirini na sita. Nilipofika kwenye samadi alicheka.

"Ameulisha kama ng'ombe wa maziwa," alisema. "Mti ulioshiba hauna haraka ya kuchanua."

Kosa lako ni la mkulima mwenye bidii: ulidhani kila kilicho hai kinataka kivuli na mbolea. Kahawa ndivyo inavyotaka. Wisteria inataka jua la kutwa na udongo wa kawaida. Itoe migombani, iweke mbele ya ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi. Samadi, basi. Usiitoe kwenye debe lake, maana mizizi ikibanwa mti hubaki mfupi na huwahi zaidi kutoa maua. Hakikisha tu debe lina matundu chini, na umwagilie udongo unapokauka. Matawi marefu membamba yakate sasa, ubakize macho mawili au matatu ya kuchipua. Vijiti vifupi vyenye macho manene usiviguse, hapo ndipo maua hutokea.

Oktoba hii usitegemee kitu. Huenda mwakani, huenda mwaka utakaofuata. Usiniombe tarehe.

Sasa uongo. Huo ni wako, si wa mti, na mbuzi wa watu msiwasingizie. Savita alipokuambia kwamba haukumchanulia, alikufungulia mlango wa kusema "hata mimi". Ukaupita. Nakuhurumia, aibu humfanya mtu mzima kuwa mtoto, lakini miaka minne ni mingi mno ya kubaki mtoto.

Mwandikie wiki hii: maua hayakuwapo, niliona aibu kukuambia, mti uko hai. Hayo yanatosha. Usieleze baridi, usimtaje Sirili. Atakasirika, na ana haki. Lakini barua ya ndege huchukua siku kumi hivi, na yeye ana wiki kadhaa kabla ya safari. Heri akasirike huko kwake, apande ndege akiwa amepoa, kuliko akasirike uani kwako akiwa na kikombe cha chai mkononi. Posta hufunguliwa Jumatatu asubuhi. Uwe wa kwanza mlangoni.