Gauni Refu la Mheshimiwa

Jumapili, 2 Machi

Leo binti yetu ametambaa. Yaani — ametambazwa. Humu naweza kusema.

Mume wangu alitandaza kitambaa cha pazia sakafuni, kile cha kuteleza ambacho mteja hajakifuata. Akamlaza mtoto kifudifudi juu yake, akanipa mimi ncha ya mbele nivute polepole, yeye akashika simu. Mtoto akaanza kwenda! Akashangaa mwenyewe, akatupa mikono, akacheka na fizi zake zote. Kwenye video kitambaa hakionekani, wala mimi mvutaji. Mume wangu anafanya kazi studio ya picha, kutwa nzima anawafuta watu chunusi na makunyanzi. Kuondoa ukingo wa pazia kwake ni kama kupiga chafya.

Akaituma kwenye kundi la ukoo. Mama yake akajibu kwa sauti, vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Mashangazi, maua, mioyo. Nilicheka hadi nikashika mbavu, sikatai. Mzaha huu ulianza akiwa na miezi saba, nilipomwegemeza kwenye jora la kitambaa ili akae apigwe picha moja tu. Picha ikapendwa. Sasa ana miezi kumi, na tukitaka akae, jora bado liko nyuma yake.

Tunamwita Mheshimiwa. Jina alilipata hospitali, alipogoma kutoka mpaka madaktari wakamfuata wenyewe. Mheshimiwa haendi kwa mtu, watu humwendea. Tulisema hivyo, tukacheka.

Jumatano, 5 Machi

Wifi, dada wa mume wangu, ana mtoto wa kiume aliyezaliwa wiki moja na wa kwetu. Ni nesi, wodi ya watoto, hospitali kubwa. Leo kaweka picha ya mwanawe ameketi anatafuna kijiko. Mtoto mzuri, mashavu tele. Mama mkwe akaandika chini yake: mwenzake anatambaa, wewe na unesi wako wote unashindwa na mshona mapazia?

Akaweka nyuso za kucheka. Wifi naye akaweka uso wa kucheka. Mmoja tu. Mimi sikuweka kitu, nikarudi kwenye cherehani. Nilishona pindo moja mara mbili bila kujua.

Ijumaa, 14 Machi

Kliniki. Kupima uzito tu, nilidhani.

Yule nesi wa mizani, mama mtu mzima, akamshika Mheshimiwa kwapani akamsimamisha juu ya meza. Mguu wa kulia ukagusa. Wa kushoto ukajikunja, ukakaa umekunjwa. Akaniuliza kama anakaa mwenyewe. Nikasema anakaa. Ulimi ulitoka wenyewe, umeshazoea! Basi akamkalisha, akaondoa mikono. Mtoto akaenda upande taratibu, taratibu, mpaka nesi akamdaka.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniambia nimpeleke kwa mtaalamu wa viungo, anakuwepo hospitali kubwa kila Jumanne, hapo hapo wodi ya watoto.

"Usisubiri, mama," akasema. "Sasa hivi yapo mengi ya kufanya. Kadiri anavyokua, yanapungua."

Wodi ya watoto. Kwa wifi. Njia nzima nilikuwa nasikia mwanzo wa ile methali ya mficha maradhi, na sikutaka kuimalizia.

Mume wangu aliporudi nilimwambia yote kabla hajavua viatu. Akakaa na kiatu kimoja mguuni. Kisha akasema tusubiri ipite sherehe ya mwaka mmoja. Atatembea tu, hata yeye alichelewa. Nikamwambia nesi amesema tusisubiri. Ndipo akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia miaka yote hii. Alitembea ana miaka miwili na zaidi, na nyumba nzima ilimwita Mzigo. Kaka zake, majirani, mpaka mama yake. Mzigo njoo, Mzigo kala? Mpaka anaingia sekondari.

"Mwanangu hawatamwita hivyo," akasema. "Si wakati mimi nipo."

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimkasirikia. Sikujua kama vitu hivyo viwili vinakaa kifua kimoja.

Jumatatu, 24 Machi

Mama mkwe amekuwa akiuliza kila asubuhi: amesimama? Jana usiku mume wangu akaniomba nishone gauni refu. La kufika chini kabisa, na upana wa kutosha. Nilijua ni la nini. Nikalikata.

Leo amesimama. Mume wangu alilala sakafuni nyuma ya kiti, mkono wake wote chini ya gauni, umembeba mtoto kama kikombe. Mimi nilishika simu. Mheshimiwa hakupenda. Alilia, akaniangalia mimi, akanyoosha mikono kwangu. Mume wangu anasema piga, piga, kabla mkono haujafa ganzi. Nikapiga.

Kilio amekitoa, ameweka muziki. Kwenye video mdomo uko wazi, na watu wote wanaandika: ona anavyocheka!

Mama mkwe amesifu gauni. Anasema sijawahi kushona kitu kizuri kama kile.

Alhamisi, 3 Aprili

Wifi amenipigia. Si kwenye kundi — mimi peke yangu. Alianza kwa kuuliza habari za kazi, za mgongo wangu, za mvua. Kisha akasema lililomleta. Mama amemwambia anathamini watoto wa watu kuliko wake, ndiyo maana wake amebaki nyuma. Wake anatambaa vizuri, kumbe! Anajivuta kwenye viti. Mtoto yuko sawa kabisa. Na yeye nesi, anajua yuko sawa, lakini anasema akitoka zamu amechoka, elimu yake yote inabaki wodini na nyumbani anafika na hofu tu.

"Wifi, niambie ukweli," akasema. "Unamfanyia nini mwanao, mwenzangu?"

Hapo ndipo palipokuwa pahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamwambia namkanda na mafuta ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na uji nauongezea karanga. Akashukuru. Akasema ataanza leo.

Nimejichukia mpaka chai imenishinda. Mwongo mwenye mapishi!

Jumapili, 13 Aprili

Sherehe itakuwa hapa kwetu. Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, ukoo mzima. Hatukuulizwa. Mama mkwe ametangaza, kaka mkubwa ataleta viti, wifi ataleta keki. Mtoto atasimama kwa bibi yake, atembee mpaka kwa baba yake, kila mtu apige picha. Na mimi nishone gauni jingine, safari hii fupi. "Tumechoka kuona kitambaa," kaandika Mama. "Nataka kuiona hiyo miguu."

Mume wangu alisoma, akaweka simu kifudifudi mezani. Akasema tutajua la kufanya. Tangu lini? Tungejua tungekuwa hapa?

Nilikwenda jikoni nikaandika kwenye kundi: Jamani, kuna jambo. Nikafuta. Nikaandika: Mama, naomba mtusamehe. Nikafuta. Kumbe wanaona! Mama mkwe akaandika kwamba anaona naandika muda mrefu, niseme tu, mkwe wake asiogope.

Nikatuma: Karibuni sana.

Tumevulia nguo maji haya wenyewe. Lakini tutakaooga ni sisi watatu, na mmoja hakuvua chochote.

Jumanne, 22 Aprili

Leo mtaalamu yupo. Mume wangu alipotoka kwenda studio, nilimfunga Mheshimiwa mgongoni, nikaenda. Sikumuaga mtu. Nilijiambia nitaingia tu, potelea mbali, wifi akiwepo awepo.

Nikafika mpaka kwenye benchi la nje ya wodi. Kulikuwa na akina mama wengine, kila mmoja na wake, hakuna aliyekuwa anaficha kitu. Mmoja akanisogezea nafasi. Nilikuwa sijakaa bado — wifi akatokea na glasi ya chai mkononi. Akafurahi! Akaita wenzake waje wamwone mtoto wa kaka yake, yule anayesimama.

Nikasema nilikuwa napita. Nimekuja kuuliza rangi ya keki.

Akataka nimpe mtoto. Nikasema amelala. Alikuwa amelala kweli, namshukuru Mungu, au simshukuru, sijui. Wifi akazunguka nyuma yangu kumchungulia. Akaushika mguu unaoning'inia, wa kushoto. Nikausikia mkono wake umekaa pale. Akaukunjua kidogo, ukarudi. Akaukunjua tena.

"Miguu ina baridi," akasema.

Akaja mbele akaniangalia. Nikamwambia rangi ya njano itapendeza. Akasema sawa, njano. Nikaondoka kwa haraka kama mtu aliyeiba, na nilichoiba ni Jumanne ya mwanangu mwenyewe.

Ijumaa, 25 Aprili

Gauni fupi limekwisha. Linafika magotini. Mama mkwe amefika jioni na mabegi mawili, mtoto alikuwa ameshalala, nilihakikisha. Amekaa kitandani pembeni yake, anamwangalia tu, anapunga nzi ambao hawapo. Ameleta viatu vidogo vyekundu. Anasema alivinunua siku ile ya video ya kusimama na amekuwa akilala navyo chini ya mto.

Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi angekuwa mbaya.

Jumamosi, 26 Aprili

Niko chumbani. Nimefunga mlango kwa ufunguo. Mheshimiwa yuko kitandani na gauni lake la njano, kiatu kimoja kimetoka. Naandika kwa sababu nisipofanya kitu na mikono hii nitapiga kelele.

Sebule imejaa. Walikuwa wamesukuma viti ukutani, wakaacha uwazi katikati. Kila mtu simu juu. Mume wangu kasimama upande wa pili, na yeye simu juu, kajificha nyuma yake. Nilimtazama anitazame, hakunitazama. Kaka yake mkubwa anamtania: Mzigo leo amezaa mkimbiaji! Watu wakacheka. Mume wangu akacheka kuliko wote.

Mama mkwe akapiga magoti, mtu mzima yule na magoti yale yanayomsumbua. Akamsimamisha mtoto mbele yake, kamshika kwapani. "Haya mama, nenda kwa baba." Mguu wa kulia ukagusa. Niliona vidole vya Mama vinaanza kulegea. Kimoja, kingine. Watu wanahesabu kwa sauti: moja, mbili —

Nikamnyakua. Nikasema amelowa, nambadilisha. Wakacheka, Mheshimiwa bwana! Nikaingia humu.

Muda kidogo umepita tangu hapo. Wameimba, wamenyamaza, wameimba tena. Kisha nikamsikia mume wangu anawaambia mtoto ana homa kidogo, tangu asubuhi, ndiyo maana hachangamki. Homa! Nimemgusa paji la uso. Amepoa vizuri kabisa, ananukia maziwa.

Halafu sauti ya Mama mkwe: homa, na nesi yupo hapa hapa? Inukeni, mpisheni.

Nyayo ukumbini. Si nzito. Zimesimama hapo nje.

Simu imewaka. Ni mume wangu, kutoka chumba cha pili tu: Usifungue. Sema amelala.

"Wifi," anasema wifi yangu. Anaongea chinichini, mdomo uko karibu na mbao. "Niko peke yangu. Tangu Jumanne sijalala. Nifungulie nimwone huo mguu."

Simu imewaka tena. Sijaisoma. Nimeketi sakafuni, mgongo mlangoni, ufunguo uko juu ya kichwa changu, nikinyoosha mkono naufikia. Nikifungua, mume wangu anarudi kuwa Mzigo mbele ya watu wote, na jina hilo nitakuwa nimempa mimi. Nisipofungua —

Mheshimiwa ameisikia sauti ya shangazi yake. Amegeuza kichwa kuelekea mlangoni. Anatupa mikono, anasukuma shuka kwa mguu mmoja, anasukuma, na shuka linakunjamana chini yake na yeye yuko pale pale. Hajachoka. Anataka kwenda.