Saa Sita Hawaruki

Judith, mama Emilia jirani anadai kamwona kaka Anania akishuka mlimani na ndoo iliyojaa wale vyura wangu. Nikasema anamsingizia.

Nimepanda kijitoni. Nimeinua mawe yote, hakuna hata mmoja!

Miaka miwili nawatazama. Asubuhi kwenye ukungu wanatembea, saa sita jua likiwaka wanajibana chini ya mawe, ukiwagusa hawaruki. Hilo la saa sita nilimwambia Anania peke yake. Peke yake, Judith!

Nimempigia, anacheka: "Mdogo wangu, si wewe ulisema hawaruki? Mteja anasubiri Makambako."

Si wewe ulisema!

Wakikauka ngozi wanakufa, na mlima mwingine hawapo. Basi la Anania linafika huko saa tisa. Wewe uko hapo hapo stendi ya Makambako, mnyang'anye hiyo ndoo.

Judith, tafadhali!