Diski Mbili au Nne kwa Sauti ya Sabina

Jumatatu, 3 Februari

Uji wa Sabina, umechujwa tena kwa kitambaa. Kanywa nusu kikombe. Dawa. Kuku. Kisha nikarudi kwenye karatasi zangu.

Nijiandikie jambo lenyewe, lisinichanganye. Kisanduku kinaunganishwa na ruta ya intaneti, kinakaa nyumbani, kinatunza picha na sauti za familia nzima. Kipo cha diski mbili na kipo cha diski nne. Cha mbili: kila kinachoingia kinaandikwa kwenye diski zote mbili. Moja ikifa, mwenzake anabaki na kila kitu. Cha nne: nafasi ya kuhifadhi ni kubwa zaidi, na diski yoyote ikifa, tatu zilizobaki zinaijenga upya. Lakini kinakula umeme, kina joto na kelele. Sola yetu ni ndogo.

Sababu haihitaji karatasi. Tarehe ishirini na saba Sabina anapasuliwa Kampala. Uvimbe wa koo utatolewa pamoja na kiungo cha sauti. Daktari anasema atapona. Hatasema tena.

Kabla ya siku hiyo nataka asimulie kila kitu. Shamba letu la Bonde la Ufa. Majirani. Nyimbo za kupokea bibi harusi ambazo mama yake alimfundisha kule Lunyo. Tulipofukuzwa shambani, nyumba iliungua na kanda zote za kwaya aliyoiongoza, na picha za harusi yetu, na vitabu vyangu vya kufundishia. Tulivuka mpaka wa Malaba na godoro na sufuria. Mjomba wake akatupatia kipande hiki cha ardhi hapa Buteba, Uganda. Tangu hapo siamini kitu kinachokaa mahali pamoja tu.

Kwa hiyo: mbili au nne.

Jumatano, 5 Februari

Busia, upande wa Kenya. Foleni ya malori mpaka karibu na soko. Duka la Barasa, anayeuza kompyuta na kuzikarabati. Kijana mwenye maneno mengi na mikono hodari.

Nikamweleza. Akanitazama juu ya miwani.

“Mzee, nne ni za maofisi. Wewe uko na ofisi?”

Nikasema nina wajukuu saba.

“Hiyo ni wizara, sasa. Chukua nne.”

Watu dukani wakacheka. Nami nilicheka. Kisha nikauliza maswali yangu, na kwa hili namshukuru, alijibu bila mzaha. Cha nne naweza kuanza na diski mbili na kuongeza baadaye. Cha mbili kikijaa, inabidi kununua diski kubwa zaidi. Aliniambia pia jambo lililonikosesha raha njia nzima: wingi wa diski si kinga ya kila kitu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kote. Mwizi akibeba kisanduku, kabeba zote. Moto hauhesabu diski.

Moto ninaujua.

Nimerudi jioni. Sabina kalala. Taaka, jirani yetu, alikuwa amekaa naye. Anasema asubuhi yote mama aliongea vizuri sana.

Alhamisi, 6 Februari

Sauti yake ni ya asubuhi. Saa nne inaanza kukwaruza. Mchana ni mnong'ono. Lazima nipange safari zangu zisile asubuhi.

Nilimwonyesha picha za visanduku viwili. Akaviangalia kwa muda.

“Baba Wandera, unanitafutia jeneza mapema.”

Nikakasirika. Nikamwambia asiongee hivyo. Akasema basi angalau nichague lenye nafasi ya miguu.

Jumapili, 9 Februari

Ibada tumeisikiliza redioni. Hawezi tena ile barabara.

Wandera kapiga simu kutoka Kampala. Anasema nne, kwa sababu yeye na dada yake wataweka picha zao humo, na baada ya miaka mitano nitamshukuru. Nafula kapiga kutoka Kisumu. Anasema mbili, na nakala nyingine ikae kwake, ng'ambo ya mpaka. Kila mmoja ana haki. Walipokuwa watoto walibishana hivi hivi juu ya nani atalala upande wa ukuta.

Nimejaribu kurekodi kwa simu, nione dakika chache zinachukua nafasi kiasi gani. Tulikaa mezani. Jaribio tu. Video ya simu hii ni nzito. Nikipiga hesabu ya asubuhi zote zilizobaki, diski ndogo haitatosha. Hoja kwa upande wa nne.

Baada ya jaribio simu ikaandika kwamba imejaa.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbaya, ingawa ilianza vizuri.

Sabina aliamka na sauti safi. Sijaisikia hivyo tangu Krismasi. Alikuwa anaosha vyombo uani na akaimba, si kwa nguvu, lakini wimbo mzima, ule wa kumwambia bibi harusi asilie njiani. Alipomaliza akanigeukia.

“Lete simu basi. Leo niko.”

Nikamweleza kwamba simu imejaa. Kufuta picha sitaki. Kuna fleshi kwenye droo, lakini fleshi ile ya mwaka jana ilikufa na harusi ya mjukuu wetu ndani yake. Sitaweka sauti yake kwenye kitu kama hicho. Kisanduku kitafika kwa Barasa Ijumaa. Tutaanza Jumamosi asubuhi, mfululizo, bila hofu ya kupoteza hata neno.

Akasema sawa. Akamalizia sahani.

Naandika haya na siko sawa. Najiambia kwamba siku kumi na mbili zinatosha kwa mtu anayesimulia vizuri. Zinatosha.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeandika haya hospitali ya Tororo, kwenye benchi.

Nilifika kwa Barasa asubuhi. Mzigo wake kutoka Nairobi ulikuwa umechelewa. Nikangoja. Ulipofika, alivitoa vyote viwili akaviweka kaunta. Cha mbili ni kama matofali mawili. Cha nne ni kama redio ya zamani. Nilikuwa nimeamua mbili. Nilipokiona cha nne nikaanza tena: umeme, joto, miaka mitano ijayo. Barasa akasema, “Mzee, hata mke sikumchagua hivi.” Akaenda kunywa chai akaniacha navyo.

Simu ikalia. Taaka.

“Mzee, kuja. Mama napumua mbaya. Sisi nakwenda na yeye Tororo sasa hivi.”

Nikauliza kama anaweza kuongea, nimpe neno. Akasema alikuwa anaongea asubuhi, alikuwa ananiulizia, sasa hawezi.

Sikumbuki lango la mpaka wala muhuri. Nilipofika walikuwa wameshamwingiza. Uvimbe umeziba njia ya hewa. Wamemtoboa shingo, wakaweka mrija.

Yuko hai. Niandike hivyo kwanza. Yuko hai.

Jumamosi, 15 Februari

Daktari, mwanamke kijana, mpole. Anasema mrija utabaki mpaka Kampala. Nikauliza kama sauti itarudi kabla ya upasuaji, hata siku moja. Akatikisa kichwa. Hewa haipiti tena pale sauti inapotengenezwa.

Leo ni Jumamosi ambayo tungeanza.

Jumatano, 19 Februari

Sina la kuandika. Nafula yuko hapa, anamwosha mama yake. Wandera anakuja kesho, tutampeleka Kampala pamoja.

Nilijaribu kumwomba radhi. Alifumba macho. Sijui kama ni usingizi au ni jibu.

Nina hasira, na haina pa kwenda. Si daktari, si Barasa, si barabara. Niliwahi kupoteza kila kilichohifadhiwa, nikaogopa hilo peke yake maisha yangu yote. Sikujua kwamba kilicho salama kuliko vyote, kwa jinsi nilivyofikiri, yaani mtu mwenyewe, ndicho kilichokuwa kinaondoka. Nilikuwa natafuta chombo kisichovuja nikiwa nimesimama mtoni.

Jumatatu, 3 Machi

Tumerudi Buteba. Upasuaji uliwahishwa, tarehe ishirini na moja, ukaenda vizuri. Kidonda kinakauka. Anakula laini. Anaandika kwenye ubao mdogo wa mjukuu, maneno mawili matatu. Jana: *Chumvi.* Leo: *Kuku mweusi yuko wapi.*

Wandera alipitia Busia bila kuniuliza akanunua cha diski mbili. Sikubisha. Amekifunga karibu na ruta, amehamisha kila kitu kutoka simu yangu, ameandika majina ya mafaili. Nafula ataondoka na nakala kwenda Kisumu. Ni kazi nzuri, ya uangalifu. Baba yake asingeifanya vizuri zaidi.

Jioni akasema, “Baba, tusikie ya Mama.”

Tukatafuta. Kuna vipande. Sabina anamfukuza mbuzi wa Taaka. Sabina anasema “usinipige picha na kilemba hiki.” Salamu za Krismasi, nusu yake ni kelele za watoto. Ndefu kuliko zote ni lile jaribio la mezani, Jumapili ile.

Anayeongea ni mimi.

Mwanzo mpaka mwisho, mimi. Namweleza diski mbili zinavyoandikana. Namweleza nne. Namweleza umeme, joto, kujenga upya. Yeye yuko mbele ya simu, mikono juu ya meza, ananisikiliza. Anasema “Ee.” Anasema “Sawa.” Mara moja anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza kitu, na mimi namwambia, “Ngoja nimalize.” Karibu na mwisho anauliza, “Kwa hiyo nianze?” Na mimi nasema bado, hili ni jaribio tu.

Wandera akanyoosha mkono kuizima. Sabina akamzuia. Akataka mpaka mwisho.

Alipoondoka kwenda kulala aliacha ubao mezani. Hakuwa ameandika kitu.

Sauti yangu sasa iko kwenye diski mbili, na ya tatu inakwenda Kisumu. Haiwezi kupotea.

Ijumaa, 7 Machi

Wandera kauliza kama afute ile ndefu, abakize vipande vya mama yake tu. Nikakataa. “Ngoja nimalize” ni yangu, ibaki na mimi. Na ile pumzi haikatiki peke yake.

Barasa kapiga simu kumjulia hali mgonjwa. Nikamwambia. Akasema, “Pole sana, mzee wangu. Pole.” Wala hakutania. Kwa Barasa hilo si jambo dogo.

Sijalia mbele ya watoto. Nimelia kwenye banda la kuku. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Mwamba wa Tororo haukuonekana asubuhi yote.

Watoto wameshaondoka. Nyumba tulivu. Sabina alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, penye mwanga. Redio ilikuwa na kwaya fulani, sikuwa nasikiliza. Nikainua macho nikaona midomo yake inatembea na wimbo. Hakuna kitu kilichotoka, ni pumzi tu shingoni. Alikuwa hajui kwamba namtazama.

Kwaya ikaisha, zikaja taarifa za vifo. Nikazima. Yeye bado alikuwa katikati ya ubeti.

Mimi siimbi. Katika miaka yote ya ndoa yetu nimekaa benchi la nyuma nikifungua midomo kwa heshima tu. Lakini maneno nayajua, kwa kuwa nimemsikia yeye. Nikayachukua pale alipokuwa. Sauti yangu ilitoka kama mlango.

Mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka. Sijawahi kuona kicheko bila sauti, nilidhani kwanza ni kikohozi nikainuka. Akanifanyia ishara nikae.

Kisha akaweka sinia chini, akanyoosha kidole, akakipandisha taratibu, jinsi alivyowafanyia kwaya yake kule shambani walipoanza chini mno.

Nikaanza upya, juu kidogo.