Habari za Huko Nyuma

Jumatano, 9 Machi 2005

Mazoezi ya mlima Baiyun tena, hapa Guangzhou. Ngazi zilezile, wazee walewale wanatupita wamebeba vizimba vya ndege. Magoti yananiuma. Lin hachoki, na kuhema kwangu kunamchekesha. Ni mwenzangu wa chumba. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye klabu hii ya chuo, na siku nikifia kilimani yeye ndiye atakayeulizwa.

Kila asubuhi husema, "Zuhura, umekula?" Mwaka wa kwanza nilikuwa namweleza: chai, mkate, yai. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni salamu tu. Unajibu umekula, basi.

Ijumaa tunakwenda kaskazini, mlima wa mpakani na mkoa wa Hunan, Jumamosi tupande. Chen, mkuu wa klabu, amegawa kazi. Bakari, mwanafunzi mwenzangu wa kutoka Tanga, mbele pamoja naye, na redio moja ya mkononi. Mimi nifunge mkia na ya pili. Sababu yake ni kwamba mimi na Bakari lugha yetu moja, kwa hiyo hatutakosa kuelewana. Kichina changu nikihema hukimbia chote. Nimekubali.

Alhamisi, 10 Machi

Soko la Shahe, mimi na Bakari, kununua makoti. Wikiendi yeye huwatafsiria wafanyabiashara wa kutoka Dar, anajua kila uchochoro. Koti langu jekundu, jepesi kuliko linavyoonekana. Betri za redio tulinunua duka la jirani. Laoban, mwenye duka, akajipiga kifua: mei wenti, hakuna tatizo. Huku hakuna chenye tatizo mpaka ukishalipa.

Ijumaa, 11 Machi

Treni, halafu basi, halafu mvua. Nyumba ya wageni chini ya mlima, vitanda vibichi. Lin anazungumzia maua tu. Anasema mwezi huu yanaanza kuchanua huko juu.

Mwenye nyumba anasema juu kuna theluji. Chen anasema theluji ya machipuko haikai. Nilitaka kusema turudi. Nikapanga mkoba wa kesho. Sitaki kuwa Mwafrika anayeogopa baridi. Naogopa baridi.

Jumapili, 13 Machi

Jana sikuandika. Mikono ilikuwa haishiki kalamu.

Nianze. Tulipanda vizuri mpaka juu ya msitu wa mianzi. Theluji ikaanza, laini, nikaifurahia kama mjinga. Halafu upepo. Mimi na Lin tulibaki nyuma kwa sababu yangu mimi, pumzi. Kwenye daraja la mawe Lin akateleza. Mguu mmoja ukaingia kijitoni, kifundo kikapinda. Nikasikia kilivyolia. Hakuweza kukanyaga.

Nikamwita Bakari kwenye redio. Akaitika. "Dada, habari za huko nyuma?"

Nikajibu, "Nzuri, kaka. Za huko?"

"Nzuri."

"Ila..." Taa ya redio ikazimika. Betri. Nikaipiga, nikaitia kwapani, nikaipulizia. Kimya.

Nimejibu nzuri. Lin yuko chini analia, buti limejaa maji ya barafu, na mimi nasema nzuri. Kwetu hata aliyefiwa hujibu salama kwanza, ndipo aseme ila. Ndivyo tulivyolelewa. Bakari alimwambia Chen tuko salama, wakavuka kilele wakateremkia upande wa pili, kwenye basi lililokuwa likitungoja.

Nilimburura Lin mpaka kwenye kibanda cha kupumzikia. Kibanda cha paa tu, hakina kuta. Nilimvua buti, nikamvika soksi zangu, nikamfungia skafu yangu juu yake. Baadaye akaacha kulia. Hilo ndilo lililonitisha. Nikamwimbia nyimbo za harusi za Pangani, zile chafu, maana nilikuwa sikumbuki nyingine. Alitabasamu hivi, amefumba macho. Nilisoma kila dua ninayoijua. Nilimchukia Chen, nikamchukia Bakari, nikaichukia theluji. Mdomo wangu niliuchukia zaidi.

Giza linaingia ndipo Bakari alipotokea na wakulima wawili na machela ya mianzi. Alikuwa mbele yao, amepoteza kofia. Kwenye basi ndiko walikogundua hatupo. Hakunisalimu.

Jumatatu, 14 Machi

Guangzhou. Joto, watu wanatembea kwa mashati tu. Lin yuko hospitali. Mguu umevimba, vidole viwili rangi ya biringanya. Daktari anasema wangoje waone.

Bakari alikuja bwenini. Akasema ningeanza na shida moja kwa moja. Nikamwambia na yeye angeingoja ile "ila" yangu, maana yeye mtu wa Tanga, si mgeni, anajua baada ya nzuri huja nini. Akasema aliita tena na tena, hakusikia kitu, akajua nimezima kuokoa betri. Nilishasema nzuri. Hakuwa na sababu ya kurudi.

Akaondoka bila kuaga. Nina hasira naye. Ana haki.

Jumatano, 16 Machi

Wamevikata vile vidole viwili. Mguu umepona, wanasema. Sijui wanaita kupona nini. Lin aliniuliza kama bado atapanda milima. Nikafungua mdomo kusema ndiyo, nikaufunga. Nikamwambia sijui. Akageukia ukutani.

Mama yake yumo kwenye basi kutoka Zhanjiang. Naogopa kuliko nilivyoogopa kibandani.

Alhamisi, 17 Machi

Nilimkuta Bakari kwenye ukumbi wa hospitali, ameleta machungwa, haingii. Hakuuliza habari, nami sikutoa. Tulikaa benchi moja.

Mama Lin alitoka. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa. Lin alikuwa ameshamweleza yote, naamini na ile nzuri yangu. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi kwa Kichina, yakanipotea yote.

Akaniuliza, "Umekula?"

Nikajibu nimekula.

Tangu juzi sijatia kitu tumboni. Alinitazama kidogo, akarudi ndani, akaja na chupa ya uji wa mchele na mabakuli mawili. Moja akampa Bakari. Kijiko akanitia mimi mkononi, akaukunja mkono wangu juu yake, akaketi kati yetu.

Uji ulikuwa na chumvi nyingi. Hakuondoka mpaka tulipomaliza.